Kipande cha Kakakuona

Harufu ya nyama iliyokaushwa kwa moshi, ikichanganyika na ya mpunga mpya kinuni, hunirudisha uani petu Kindu, msimu ule wa mavuno mjomba alipokuja kutoka Pangi na kifurushi cha majani ya mgomba. Nilikuwa binti mdogo. Baba alikuwa Mwungwana, mtu wa kanzu na msikiti. Mama alikuwa Mlega, wa watu wa msituni kule Pangi. Nasema ninavyokumbuka, nami chuoni, kwenye Kurani, sikufika mbali, basi anisahihishe ajuaye. Kwa watu wa mama, kakakuona haliwi ovyo. Akiokotwa amekufa msituni, ukoo wote hugawana, na asiyekula fungu lake amejikata mwenyewe na wenzake. Mjomba akafungua majani, ndani mna kipande cha kakakuona, akaninyoshea. “Hii njo sehemu ya mutoto wetu.” Baba akakitazama kile kipande. “Shemeji, hakuchinjwa. Ni kibudu.” “Na dada yangu, ulimuchinja kwanza ndipo ukamuoa?” Hata baba alicheka. Shangazi, dada yake baba, hakucheka. “Mkataa kwao mtumwa,” akaniambia, yaani nisile. “Kweli kabisa, wifi,” mama akajibu, “mkataa kwao mtumwa,” yaani nile.

Siku zile neno hilo halikuwa methali tu. Tuliwaona watumwa waliofungwa kamba wakipitishwa kwenda mtoni. Nikaogopa. Ningekula, ningekuwa nimekataa kwetu, nisingekula, vilevile. Lakini nisimwonee mtu: hakuna aliyenilazimisha. Walinitazama tu wote. Nikakitia kipande mdomoni, kigumu kama ukanda wa kiatu, nikakimbilia nyuma ya jiko. Niliporudi mdomo ulikuwa mtupu. Mjomba akaondoka ameridhika, baba akaenda kuswali ameridhika. Mama alisema mpaka kufa kwake kwamba koo langu lilicheza, nilimeza. Shangazi naye aliapa kwamba alimwona kuku akidonoa nilichotema. Na wanawake wale wawili, kwa haki, sikuwahi kuwashika kwa uongo hata mmoja.

Sasa Kindu ina gari la moshi, na watu huulizana kabila kabla salamu haijaisha. Wajukuu nao wananiuliza: bibi, sisi ni kina nani? Naupekua ulimi wangu, naukuta moshi na chumvi, basi. Mama alikufa akijua mimi ni wake. Shangazi alikufa akijua mimi ni wake. Mimi niliyekuwa na kile kipande mdomoni, peke yangu, ndiye nisiyejua.