Tangawizi ya Unguja

Baada ya kuhitimu kisomo cha watu wazima, nilipanga viungo vya jikoni kwetu Same katika makopo tisa, kila kopo na jina lake: iliki, mdalasini, karafuu. Bado najivunia kazi ile.

Mama mkwe aliposhuka kutoka Mamba, milimani, nilitaka aone kwamba Nakiete, binti yake, ameolewa na msomi. Nikamsomea kopo kwa kopo hadi la mwisho, "Tangawizi ya Unguja", maana kitabuni nilisoma kwamba viungo bora hutoka huko.

"Hii imevuka bahari, mama. Ya namna hii kwenu haipatikani."

Akatoa ndani ya kopo kifurushi nilichonunua sokoni, akachunguza fundo la kamba ya mgomba.

"Baba, makopo yako yanapendeza. Ila fundo hili nimelifunga mimi, na tangawizi nimeichimba mimi. Futa Unguja, andika Mama Nakiete."