Ukoo wa Mzee Niliyemwogesha

Kwa karibu miaka miwili nilimhudumia mzee mmoja wa ukoo wa Kiingereza, ng'ambo ya daraja la Sydney, kwenye mtaa ambao hata mbwa hutembezwa na watu walioajiriwa. Alizaliwa papa hapa Sydney, lakini ukimwita Mwaustralia ananuna siku nzima. Asubuhi nilitoka kwangu mtaa wa Blacktown kwa treni, nikafika, nikamwogesha, nikamvalisha. Vifungo vya shati vilimshinda, lakini babu zake aliwataja mmoja baada ya mwingine mpaka enzi za watu kuvaa vyuma vitani.

"Sisi ni watu wa ardhi," aliniambia siku ya kwanza.

Nikatazama dirishani. Uani palikuwa na nyasi za kutosha kamba moja ya kuanikia nguo. Ardhi aliyoisema ilikuwa Uingereza, na yeye hakuwahi kumiliki hata shimo la panya kule. Kwao shamba lote humwendea mzaliwa wa kwanza. Babu yake alikuwa wa tatu, tena mcheza kamari, basi akapakiwa melini akaambiwa asirudi. Kwetu tungesema amefukuzwa. Mzee alisema "alitumwa kuanzisha tawi."

Ukutani palikuwa na nakala ya picha iliyotundikwa kwenye ngazi za jumba la ukoo kule Uingereza: bwana mmoja mnene aliyesimama na mbwa. Huyo, kwa maelezo ya mzee, ndiye aliyejenga jumba lao juu ya kilima, kisha akaona kijiji cha wapangaji wake kinamharibia mandhari. Akakibomoa chote, akachimba ziwa mahali pake, akaweka bata maji.

"Alikuwa na jicho la uzuri," mzee akasema.

"Na watu walienda wapi?" nikauliza huku nikimkausha miguu.

"Watu gani?"

Bibi yangu mzaa mama aliondolewa kwenye shamba la baba yake huko Bonde la Ufa ili Mzungu apande chai, na mpaka anafariki sikumsikia akimsifu Mzungu yule kwa jicho la uzuri. Nilimvalisha mzee soksi kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Siku moja ikaja habari kwamba binamu yake, mwenye jumba lenyewe hasa, yuko Sydney kutazama kriketi na angepita kunywa chai. Nyumba haikukalika. Kitambaa cha meza nikakipiga pasi, nikaambiwa nirudie. Mzee akataka tai. Akataka kiti cha mgeni kielekee ile picha.

Mgeni alichelewa, akaja na kaptura na malapa, pua imeiva kwa jua. Mzee alijikongoja akasimama peke yake, jambo ambalo kwangu hakuwahi kulifanya. Mgeni akampa mkono macho yakiwa kwenye simu.

"Wewe ni mtoto wa nani vile?"

Mzee akamtaja baba yake, akamtaja na babu yake. Mgeni akatikisa kichwa. "Sikujua tuna watu huku."

Mzee akauliza habari za ziwa.

"Lilikauka. Tumemwaga kokoto, watu wanaegesha magari. Jumba tunalikodisha kwa harusi. Sisi wenyewe tunaishi kwenye kijumba cha mtunza bustani, kule juu ni baridi mno."

Mzee akanyoosha kidole ukutani. "Lakini huyu bado yupo pale kwenye ngazi?"

Mgeni akageuka, akacheka. "Huyo mwenye mbwa? Baba alimnunua mnadani, ukuta ulikuwa mtupu. Hatumjui ni nani."

Akauliza kama kuna bia. Hapakuwa na bia. Akaacha chai nusu kikombe, keki hakuigusa, akaenda zake.

Jioni nilimsimulia dada yangu, akacheka mpaka akajifuta machozi. Mwaka mzima nilikuwa nampangusa vumbi mtu asiyejulikana! Nilidhani sasa angalau mzee atanyamaza.

Wiki iliyofuata akaja mtu wa kumfanyisha mazoezi ya viungo. Mzee akakaa wima.

"Mkuu wa ukoo wetu alikuja kunisalimia," akamwambia. "Tulizungumza mambo ya shamba mpaka jioni. Ananisihi niende nikakae naye." Akanigeukia. "Si ulikuwepo?"

"Nilikuwepo," nikasema.

Ikawa nimetoa ushahidi. Kuanzia hapo kila aliyeingia alisimuliwa ziara ile, na kila mara mgeni alikaa muda mrefu zaidi na kuvaa vizuri zaidi. Watu wanasema ningemhurumia. Sikuweza. Mtu anayelilia ziwa na hakumbuki waliozamishiwa nyumba zao, mimi humwogesha vizuri, basi.

Baadaye niliomba kuhamishwa, nikapelekwa mtaa wa Fairfield kwa mama mmoja aliyetoka Iraki. Siku ya kwanza aliniambia baba yake alichunga kondoo wa watu, akanimiminia chai, akaniuliza kwetu tunafuga nini.