Njia Fupi ya Kurudi Kutoka Mirihi

Karanga nilizouziwa jana nje ya uwanja wa Kambarage zilifungwa kwenye karatasi iliyolowa mafuta, na harufu yake ikanirudisha machungani, siku mimi na binamu yangu tulipogombea karatasi ya namna hiyo hiyo.

Zilikuwa kurasa mbili za hadithi ya picha. Katika ukurasa wa kwanza, chombo cha angani kilitoka duniani kikafika Mirihi baada ya miezi mingi, nahodha akiwa ameota ndevu. Katika wa pili kilirudi kabla chai yake haijapoa. Nikasema kwamba mtungaji ni mwongo asiyeweza hata kuutunza uongo wake. Nilizitaka sana kurasa zile, kwani nyumbani hatukuwa na kitu kingine cha kusoma. Lakini kwa desturi yetu wachungaji, kitu kilichogombewa alipewa aliyeshinda kwa hoja.

Binamu yangu, aliyenizidi umri na ujinga, alicheka.

"Msomi, ng'ombe akienda malishoni si hujivuta? Jioni akirudi zizini, unamshika?"

"Humshiki, kaka!" wenzetu wakaitikia.

"Basi. Chombo kilikuwa kinarudi kwao."

"Chombo ni chuma," nikasema. "Hakina zizi wala ndama."

"Wewe umekiona?"

Nilikiri kwamba sijakiona. Hakuna aliyemuuliza yeye alikiona lini. Wakampa kurasa kwa vifijo.

Alizichana vipande virefu, akasokotea tumbaku, na kabla ng'ombe hawajafika lamboni kunywa maji, Mirihi yote ilikuwa moshi puani mwake.