Siku Saba Bila Mafuta

Kwetu Kongo, ng'ambo ya ziwa, mama akimpeleka mtoto mbele ya watu akiwa amepauka, atasemwa mpaka kanisani. Kwa hiyo asubuhi ile tulipoitwa kliniki ya Nchelenge, huku Zambia, nilimsugua binti yangu mawese mpaka akang'aa. Alikuwa na miaka mitano, na ukurutu ulikuwa umemla shingo, viwiko na nyuma ya magoti.

Wapimaji walitaka kujua dawa mpya ya kupaka inazama kiasi gani kwenye ngozi ya namna hiyo. Wangeipaka, wasubiri, kisha wabandike utepe wa gundi na kuubandua, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja ukitoka na utando mwembamba wa ngozi, waone dawa imefika wapi. Mtoto aliyepimwa angetibiwa mpaka apone. Mimi nilisikia hilo la mwisho tu.

Utepe wa kwanza, kabla hata ya dawa, ulitoka wa manjano.

“Mama, ulimupaka nini mutoto?” nesi aliuliza kwa Kiswahili cha kwetu.

“Mawese kidogo tu. Siwezi kuleta mutoto mbele ya batu na ngozi ya kukauka.”

Hakunikaripia, na hilo liliniudhi zaidi. Alisema ngozi ya binti yangu imepasuka, haizuii kitu. Mafuta yangu yameshaingia, na dawa haiwezi kupimwa juu yake. Turudi baada ya siku saba, bila kumpaka chochote. Nafasi yake wangemwekea mpaka siku hiyo, basi.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Siku ya pili alijikuna kwa kitana. Siku ya tatu shuka lilimganda shingoni, nikalilowesha ili kulibandua, naye akilia bila sauti. Chupa ya mawese nilikuwa nimeiweka juu ya kabati. Mikono yangu haikuwa na kazi. Sijawahi kujiona bure kiasi kile, hata siku tulipovuka kukimbia vita.

Siku ya tano alipanda kigoda, akaishusha chupa, akaniwekea mapajani.

“Mama, juu ya nini haunipake tena? Uko na hasira na miye?”

Nilimpaka. Nilianza shingoni, nikashuka polepole mpaka magotini, na kabla sijamaliza alikuwa amesinzia. Siku ya saba hatukwenda Nchelenge.