Novena ya Pasipoti

Pasipoti ya mama haikupotea. Niliichukua mimi kwenye sanduku lake la bati, yeye akiwa uani anawaogesha wanangu mapacha. Nikaenda nayo Mwaloni, ninakouzia dagaa, nikaificha chini ya magunia matupu.

Mdogo wangu alikuwa Uswidi, amekaribia kujifungua. Kwetu mtoto wa kwanza huogeshwa na bibi yake, na tiketi ilishakatwa. Mimi nilikuwa sijapata dada wa kazi. Na kusema kweli, wivu nao ulikuwepo: kwa nini aliyeondoka ndiye afuatwe?

Mama akipoteza kitu humwomba Mtakatifu Antoni, novena, siku tisa kamili. Hata ufunguo wa kabati aliwahi kuuombea hivyo. Nikapiga hesabu zangu. Siku ya sita ndege ingeondoka, siku ya tisa ningeiokota pasipoti nyuma ya kabati, safari ingesogezwa mbele, nami ningekuwa nimeshapata mtu wa kukaa na watoto. Sifa angechukua Antoni.

Jioni mbili tulisali pamoja. Yeye akiongoza, mimi naitikia "utuombee" bila hata kukwama.

Siku ya tatu nilirudi nikamkuta amevaa kitenge chake cha kanisani. Alikuwa ametoka polisi kutoa taarifa ya upotevu, akapita kwa wakili kula kiapo, kisha akapeleka karatasi zote uhamiaji.

"Mtoto hangojei novena," akaniambia. "Ile ya zamani wameshaifuta. Hata ikionekana, haifai kitu."

"Umeapa nini, Mama?"

"Kwamba nimeipoteza kwa uzembe wangu."

Hapo ndipo ningesema. Nikaenda jikoni kuangalia ndizi ambazo zilikuwa hazijachemka.

Mjukuu alizaliwa mama akiwa hapa hapa nyumbani, Nyegezi. Mdogo wangu alimwogesha mwenyewe, akifuata maelekezo ya mama kwenye simu. Aliyeishika simu ni mimi.

Nilidhani yameisha. Lakini mama alianza kurudi jikoni mara tatu kuhakikisha jiko limezimwa. Akaomba mtu mwingine atunze funguo za kigango, kanisa letu dogo la mtaani, funguo alizokaa nazo tangu baba akiwa hai. Akawa anaulizauliza majina ya watu anaowajua vizuri kabisa. Jirani akamwambia ajihadhari, kikulacho ki nguoni mwako. Mama akamjibu hapana, ni uzee tu, kichwa kimechoka. Nguo zenyewe nilikuwa namfulia mimi.

Pasipoti mpya ilipotoka tulikwenda kuichukua pamoja. Nje ya ofisi aliigeuzageuza, hakuifungua, akaninyooshea.

"Itunze wewe, mwanangu. Mimi siaminiki tena."

Nikaipokea kwa mikono miwili, kama alivyotufundisha.