Mzee wa Kijiji Aliyeogopa Kuapa

Watu wa Kilawa, kijiji kidogo nje ya Ikutha, walimwita Ndila "Mzee", ingawa alikuwa mama wa watu mwenye wajukuu sita na hana hata unywele mmoja wa ndevu. Ndicho kilichokuwa cheo chake: mzee wa kijiji. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa macho na masikio ya Wizara ya Usalama wa Ndani, kazi ambayo hakuiomba na ambayo, tukisema ukweli, hakuielewa hata siku moja.

Chifu Kyule alimchagua kwa sababu alimjua kila mtu. Alijua nani kaoa, nani kafukuzwa kazi Mombasa, na pikipiki ni ya nani kwa kusikia mlio wake tu. Lakini barua zilizotoka juu hazikuuliza mambo hayo. Moja ilimtaka aandike majina ya wageni wote. Ya pili ikaja kusema asimwite mtu mgeni. Ya tatu ikamwagiza apange kijiji kwa nyumba kumi kumi, na Kilawa ina nyumba thelathini na tatu. Sasa zile tatu zikae wapi? Alipomuuliza chifu, Kyule alikuna kichwa.

"Mama, hata mimi sielewi. Wewe fanya tu."

Basi akawa anafanya tu. Zile nyumba tatu aliziacha peke yake, na hakuna aliyerudi kuuliza.

Jumanne moja Anab alifika kwake akiwa na wasiwasi usoni. Anab alikuwa mjane wa Mahamud, mchuuzi wa mbuzi aliyetoka Garissa zamani, akafungua duka Kilawa na kukaa hapo mpaka alipofariki. Binti yao, Hibaq, alikuwa ametimiza miaka kumi na minane na amepata nafasi ya kusomea uuguzi Kibwezi. Chuo kilitaka kitambulisho kabla mwezi haujaisha, la sivyo nafasi ingepewa mwingine. Wenzake wa darasani walishapata vyao bila maneno mengi. Yeye, kwa kuwa ni Msomali, aliambiwa apite kwanza mbele ya kikao cha kuhojiwa, na kikao kingekaa Alhamisi hiyo peke yake.

"Mama Mwangangi," Anab alisema, akimwita Ndila kwa jina la mwanawe, "wanataka mzee wa kijiji akuje aseme anatujua. Ni hiyo tu."

Ndila alicheka. "Hiyo tu? Na si huyu nilimpokea na mikono yangu?"

Hakuwa anajigamba. Hibaq alizaliwa msimu wa mvua, mto umefurika na gari la kwenda hospitali limekwama ng'ambo. Ndila ndiye aliyemkata kitovu kwa wembe mpya na kumfunika kwa leso yake ya kwendea kanisani. Mtoto akakua akimwita susu, kama Wakamba wanavyomwita nyanya.

Alhamisi ilipofika, Ndila alijifunga leso ileile, ambayo sasa ilikuwa imepauka, wakaenda watatu mpaka ofisi ya serikali Ikutha. Walikuta maafisa wakiwa mezani na foleni ndefu nje. Afisa aliyekuwa na fomu, kijana mpole mwenye macho ya uchovu, alipokea kitambulisho cha Ndila, akakiweka mezani, akamsogezea Biblia.

"Mama, shika hapa. Uape ya kwamba babu ya huyu msichana, baba ya baba yake, alizaliwa Kenya. Halafu unaweka kidole."

Ndila aliunyoosha mkono, akaurudisha. Babu? Babu gani tena?

Ni vyema kueleza hapa kwamba Mkamba wa umri wa Ndila haapi ovyo. Wazee walikuwa na kithitu, kiapo ambacho mtu akiapa uongo mbele yake, nyumba yake humalizika mmoja baada ya mwingine. Mjomba wa Ndila aliapa juu ya mpaka wa shamba asioujua vizuri, na Ndila, akiwa msichana, aliona majeneza manne yakitoka boma lile kabla ya mavuno mawili kupita. Baadaye aliokoka, na pasta akamfundisha kwamba kithitu si kitu, ila Mkristo naye asiape bure. Kwa hiyo huku aliogopa na kule alikatazwa. Ampate wapi baba wa Mahamud amuulize?

"Huyo babu mimi simjui," alisema kwa sauti ndogo.

"Kwa hivyo msichana humjui?"

"Nimesema babu."

"Mama, fomu ni moja. Unajua ama hujui?"

Yote aliyoyajua yalimruka. Mvua, wembe, leso iliyokuwa mwilini mwake, hata kimoja hakikumjia mdomoni. Alibaki anaitazama Biblia. Afisa alingoja, akatazama foleni, kisha akaandika: Mzee wa kijiji hamjui mwombaji.

Hibaq aliyasoma maandishi yale yakiwa kichwa chini, toka upande wake wa meza. Nje hakulia wala hakupandisha sauti.

"Susu," aliuliza, "kwani mimi ni nani?"

Aibu iliyomshika Ndila haikuwa na mfano.

Waliomba kubebwa na Nzuki, jirani aliyekuwa akirudi Kilawa na pikapu yake ya mbuzi. Njiani polisi walikuwa wameweka kizuizi. Askari mmoja alitaka vitambulisho. Anab akatoa chake. Hibaq akaonyesha karatasi zake za shule. Ndila akapapasa mkoba, akapapasa kifuani, kisha akakumbuka: alikiacha mezani.

"Shuka," askari alisema.

"Mimi ni mzee wa kijiji."

"Na mimi ni gavana. Shuka, mama. Wewe ni nani?"

Ndila aliteremka. Kabla hajajibu, Anab alikuwa ameshatua kando yake.

"Mimi namjua," Anab alisema. "Anaitwa Ndila, mama Mwangangi, anakaa Kilawa. Nikimzaa huyu msichana wangu, ni yeye alinizalisha."

Askari alimtazama Anab, akatazama kitambulisho chake, akamrudishia.

"Haya, endeni."

Ndila alisimama palepale barabarani. Askari hakuuliza babu. Alisikia mtu akisema namjua, akatosheka. Na aliyesema ni mwanamke ambaye asubuhi ile alinyimwa neno hilohilo.

"Nzuki," alisema, "geuza gari."

Waliwakuta maafisa wakifunga mafaili. Yule kijana alinyoosha kitambulisho akidhani ndicho walichokifuata. Ndila alikipokea lakini hakuondoka.

"Hiyo fomu iko na mahali ya kuandika kitu nimeona mwenyewe?"

Kijana aliigeuza. Nyuma palikuwa na nafasi ya maelezo mengine, tupu kabisa.

"Andika. Alizaliwa Kilawa, nyuma ya duka la Mahamud, mvua ikinyesha. Mimi nilimkata kitovu. Nilimfunika na hii leso. Hajawahi kuhama."

"Mbona hukusema hii maneno asubuhi?"

"Hukuniuliza. Na mimi nikachanganyikiwa."

"Na babu?"

"Babu sijui, na sitasema najua. Lakini huyu akipotea kesho, si ni mimi mtakuja kuuliza ameenda wapi?"

Kijana aliandika yote aliyosema. Akamsogezea Biblia.

Ndila aliweka mkono juu yake. "Kwa hili naapa," alisema, kisha akaongeza taratibu, ili Mungu na mjomba wake wote wawili wasikie, "hata kwa kithitu."

Afisa alikata kwa kalamu yale maneno ya asubuhi, akaandika juu yake anamjua, pa babu akapaacha wazi, akagonga muhuri na kumtaka Ndila aweke dole gumba. Wino ulimtapakaa hadi kwenye kiganja. Hibaq alishika ncha ya ile leso, akaanza kumfuta kidole.