Taa ya Zambarau Niliyoikataa

Redio ya marehemu mume wangu ilikuwa kubwa kama kreti ya soda, ya zamani, inayofanya kazi kwa taa za kioo ndani. Mwaka 2013 ikaanza kuhama stesheni. Jirani akiwasha mashine ya kusaga, umeme unanywea, msomaji wa habari anateleza, wanaingia watu wanaosema Kirundi.

Nikaipeleka kwa fundi wa soko la Kasulu, mzee mwenzangu. Akabadilisha taa moja. Alipoiwasha, taa nyingine zote zikawa nyekundu, ile yake zambarau.

"Umenibandikia ya urembo," nikamwambia. "Haina hata waya wa moto ndani."

"Ndani mna gesi, bibi. Umeme ukizidi, gesi inapitisha ile ziada. Ukipungua, inapitisha kidogo. Redio inabaki na kipimo kilekile."

"Mimi sikusoma, lakini si mjinga. Mwizi wewe! Taa yangu umemuuzia nani?"

Ilikuwa siku ya soko, na sauti yangu si ndogo. Wauza maharage wakacheka. "Bibi, mpime na yeye gesi ya tumboni!"

Fundi akaizima redio. Akachomoa taa yake, akanirudishia yangu, kioo cheusi kama kitako cha sufuria.

Nyumbani mashine ikawaka, msomaji akateleza. Ndipo nikakumbuka: kule kibandani kwa fundi balbu ilififia mara mbili wakati napiga kelele, na msomaji wa redioni hakuteleza. Niliona kwa macho yangu. Hasira ikanizuia kukubali.

Kiburi kikanikalisha wiki tatu. Nilipokwenda, nikakuta kibanda chake kimefungwa.

"Nani atampelekea mwizi redio?" muuza maharage akaniambia. "Kahamia Kibondo."

Nikapanda basi na redio mapajani. Nilimkuta karibu na stendi, anachomelea waya.

"Nimekuja kuomba radhi, fundi. Nilikusingizia."

"Nimeshakusamehe, bibi. Lete redio."

Akairudisha ile taa, ikawaka zambarau.

"Turudi Kasulu," nikasema.

"Nikafanye nini? Wewe umenijia peke yako. Waliokusikia ukiniita mwizi ni soko zima."

Siku ya soko nikasimama mbele ya kibanda chake, nikawaambia wote kwamba mwongo nilikuwa mimi. Wakanisikiliza kwa adabu. "Yameshapita hayo, bibi," wakasema, wakaendelea kupima maharage. Fundi hakurudi.

Sasa mashine ikiwaka, balbu ya sebuleni inanywea, msomaji anaendelea palepale. Nami namkumbuka fundi niliyemwita mwizi, nainuka, naizima redio.